UZI: Hawker Typhoon, mkia uliokatika, slivu zilizoliwa na gesi chumbani kwa rubani

#1 Kipanga_Mweusi

Wakuu, kwenye uzi wa Spitfire kuna mdau kaandika kwamba Typhoon "ilikatika mkia kwa sababu bodi ilikuwa dhaifu, wakapigilia viraka, ikapona". Sentensi moja, makosa mawili. Nimeona nisiuharibu uzi wa watu, nifungue huu.

Kwa asiyeijua ndege yenyewe: ni ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, kazi ya Sydney Camm wa Hawker, yule yule wa Hurricane, kwa agizo F.18/37 la Wizara ya Anga ya Uingereza. Ya majaribio, P5212, iliruka 24 Februari 1940 mikononi mwa Philip Lucas. Ziliundwa zaidi ya 3,300, na karibu zote zilitoka kwa Gloster pale Hucclecote, si kwa Hawker wenyewe. Injini ni Napier Sabre ya silinda 24, lita 36.65, nguvu farasi 2,180 kwa toleo la IIA. Typhoon IA ilibeba bunduki 12 za Browning. IB ilibeba mizinga minne ya Hispano ya mm 20, risasi 140 kwa kila mzinga. Iliingia kazini Septemba 1941 kwenye Skwadroni ya 56, Duxford, zikafuata ya 266 na ya 609.

Inaandikwa mara kwa mara kwamba miezi 9 ya mwanzo injini na bodi viliangusha Typhoon nyingi kuliko alizoangusha Mjerumani. Kwa hiyo swali la kwa nini zilianguka si la pembeni, ndilo historia yenyewe ya ndege hii.

Kosa la kwanza ni kuchanganya ajali mbili. Tarehe 9 Mei 1940 Lucas akiwa angani na P5212 bodi ilipasuka nyuma kidogo ya kiti chake, mpaka akawa anaona mwanga wa nje kupitia ufa. Angeweza kuruka na mwavuli, hakuna ambaye angemlaumu. Akairudisha chini, wahandisi wakapata chuma cha kuchunguza, yeye akapata nishani ya George. Ufa ule ulikuwa *mbele*, jirani na chumba cha rubani. Mikia iliyokatika miaka miwili baadaye ilikatikia nyuma kabisa, kwenye kiungo kilicho mbele kidogo ya bawa la wima. Hayana uhusiano. La pili nawaachia mafundi.

#2 Fundi_Ribiti

Hilo la pili ni langu.

Tarehe 11 Agosti 1942 Kenneth Seth-Smith, rubani wa majaribio wa Hawker, alikuwa akipima mwendo na R7692 kutoka Langley. Ndege ilisambaratika juu ya Thorpe, akafa. Hakuwa kwenye mbizi wala kona kali. Ndiyo maana timu ya Camm ilikataa mapema habari ya kosa la rubani.

Uchunguzi ulifika kwenye kitu ambacho ungeweza kukifunika kwa viganja viwili: mshikizo wa uzito wa mizani wa eleveta. Naeleza taratibu kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupotea.

Eleveta ni vile vibawa vinavyocheza nyuma ya bawa la mkia, kazi yake kupandisha na kushusha pua. Vimefungwa kwa bawaba upande wa mbele, kwa hiyo uzito wake wote uko nyuma ya bawaba. Kitu cha namna hiyo kwenye upepo wa kasi kitataka kupiga kama bendera. Dawa yake ni kuweka uzito upande wa pili ili mizani isimame. Kwenye Typhoon uzito huo haukuwa kwenye eleveta zenyewe. Ulikuwa ndani ya bodi kule mkiani, umeunganishwa kwa mkono wa kona na fimbo. Mkono huo unakaa kwenye mshikizo uliofungwa kwenye bodi.

Sasa mshikizo ule ukichoka na kung'oka, rubani hasikii kishindo chochote. Eleveta bado zinamtii. Ila mizani haipo tena. Kwenye mwendo mkubwa linakuja tikisiko dogo, eleveta zinaanza kupiga, kila pigo linaongeza nguvu ya linalofuata, na mkia unapindwa juu chini mara nyingi kwa sekunde. Bodi inaachia pale ilipo nyembamba na yenye kiungo. Ukitazama mabaki unaona kiungo kimekatika, unasema kiungo kilikuwa kibovu. Kumbe kiungo ndicho kilichouawa, muuaji yuko sentimeta kadhaa nyuma yake.

#3 Nukta7

Mkuu Fundi, kwa maelezo hayo vile viraka vilikuwa vya bure? Maana kila picha ya Typhoon ninayoiona ina ile pete ya mabati madogo kabla ya mkia.

#4 Fundi_Ribiti

Si vya bure, ila havikuwa dawa ya ugonjwa. Hiyo inaitwa Marekebisho 286. Vipande vya aloi vilivyopigiliwa ribiti kuzunguka kiungo chote, na ndani baadhi ya mbavu za bodi zikaimarishwa. Kati ya Desemba 1942 na Machi 1943 ndege zilizokuwa tayari vikosini ziliondolewa kazini kwa zamu ili zifungwe viraka hivyo. Mpya zikatoka navyo kiwandani.

Faida yake ni kwamba mkia ulihimili mtikisiko zaidi kabla ya kuachia. Hasara ni kwamba wakubwa walipumua mapema. Mikia iliendelea kukatika, kwa uchache, mpaka mwisho wa vita. Kwa jumla zilipotea hivyo ndege zipatazo 25, na waliosalimika ni wa kuhesabu kwa vidole, kwa sababu mkia ukiachia ndege inapinduka papo hapo na rubani anabanwa kitini.

Ukitaka kiungo kisivunjike, tunza mizani. Ukaguzi wenye maana ulikuwa wa mshikizo: nyufa kwenye pembe, bolti iliyolegea, tundu lililoanza kuwa yai, mkono wa kona wenye mchezo. Kazi ya tochi na kioo ndani ya bodi finyu, ambayo fundi aliyechoka saa nane usiku angeweza kuipitia juu juu.

#5 Mzee_Kabureta

Nyongeza moja kwa Fundi. Mtetemo wa kawaida wa ndege hii nao ulikuwa mkubwa mno, ukitoka kwenye injini na propela. Kitu chochote kilichofungwa kwa bolti kilikuwa kinatikiswa siku nzima. Mwaka 1944 zilipoanza kutoka na propela ya mapanga manne badala ya matatu, pamoja na bawa kubwa la mkia kama la Tempest (ndege ya Hawker iliyoifuata Typhoon), mtetemo ulipungua na ndege ikatulia zaidi ikiwa na mabomu. Mshikizo ule ule uliofungwa kwenye ndege iliyotulia unaishi maisha marefu zaidi.

#6 Dondandugu

Mbona hamjagusa gesi? Kwangu hiyo inatisha kuliko mkia. Mkia angalau hufanya kelele.

Tarehe 1 Novemba 1941, miezi miwili tu tangu ndege iingie kazini, rubani wa Skwadroni ya 56 alianguka na kufa bila dalili yoyote ya hitilafu. Ilikuwa kaboni monoksidi, moshi wa ekzosi uliopenya ndani ya chumba. Ekzosi za Sabre ziko kila upande wa pua, fupi, na moshi wake unalamba ubavu wa bodi moja kwa moja hadi kwenye mlango wa rubani. Na Typhoon za mwanzo zilikuwa na milango kweli, kama ya gari, yenye vioo vya kuzungusha kwa mkono. Mlango wa gari haujawahi kuziba vizuri duniani. Ongeza matundu ya ukuta wa moto ambako fimbo na mabomba vinapita.

Walirefusha vibomba vya ekzosi, wakaziba kingo za milango na matundu. Gesi ikapungua, haikwisha. Kwa hiyo ikabaki amri: barakoa ya oksijeni usoni tangu injini inapowaka mpaka inapozimwa. Kwenye ndege nyingine unavaa ukipanda juu; kwenye Typhoon unavaa ukiwa bado chini, umesimama, fundi anakuangalia. Gesi ile haina harufu. Anayeumwa kichwa na kuona usingizi anadhani amechoka.

#7 Kipanga_Mweusi

Na joto lilikuwa linawafanya wafungue vioo na matundu ya hewa, ambayo yanavuta moshi ndani. Mtego juu ya mtego.

Kingine kuhusu chumba: zile za mwanzo nyuma ya kichwa cha rubani palikuwa na bati zima, huoni kitu kinachokufuata. Marubani wakalalamika, wakaweka kioo. Baadaye, kuanzia mwishoni mwa 1943, kikaja kifuniko cha kuteleza chenye umbo la povu, na milango ya gari ikazikwa.

#8 Mzee_Kabureta

Haya, Sabre. Injini hii hupendwa na wasioitengeneza.

Mpangilio wake ni H: safu nne za silinda sita sita, krenki mbili. Haina vali za kawaida. Badala yake kila silinda ina slivu, yaani bomba jembamba la chuma lililo kati ya pistoni na silinda, lenye matundu ubavuni. Slivu inapanda na kushuka huku inajizungusha kidogo, na matundu yake yakikutana na ya silinda mchanganyiko unaingia au moshi unatoka. Injini inapumua vizuri sana, inazunguka 3,700 kwa dakika, na pistoni inasafiri inchi 4.75 tu.

Tatizo likawa hapa: slivu lazima iwe duara kamili na ibaki duara ikipata moto. Za kutoka kiwandani Napier zilikuwa zinageuka yai. Slivu ya yai inakwangua ukuta, filamu ya oili inakatika, inaanza kula oili kwa kasi, kisha inakwama, na gia ndogo za kuiendesha zinavunjika. Rubani anaona moshi na presha ya oili ikishuka, halafu kimya. Injini iliyopita majaribio ya saa 100 kiwandani ikishafika kikosini ilikuwa mara nyingi haimalizi saa 25.

Suluhisho lilitoka kwa mshindani. Bristol walikuwa na injini yao ya slivu, Taurus, na silinda yake ilikuwa na kipenyo kile kile cha inchi 5. Slivu zao zilijaribiwa kwenye Sabre zikadumu. Ikabidi siri ya chuma na ya kusaga igawanywe, na mashine za kusaga za Sundstrand ziletwe kutoka Marekani. Desemba 1942 Napier wenyewe wakachukuliwa na English Electric. Kuanzia 1943 Sabre ikawa injini ya kutegemewa kiasi. Nasema *kiasi*.

#9 Nukta7

Mzee, tupe habari za kuiwasha. Nimesikia ilikuwa ikiwaka moto chini.

#10 Mzee_Kabureta

Iliwaka sana, na kosa lilikuwa karibu kila mara moja: mafuta mengi.

Stata yake ni Coffman, ya risasi. Kasha la risasi tano za baruti tu, zisizo na kichwa, kubwa kuliko za bunduki ya kuwindia. Moja ikilipuka gesi yake inasukuma pistoni inayozungusha injini mizunguko michache tu. Una nafasi tano, basi. Utaratibu kwa ufupi: fungua mafuta, sukuma pampu ya kudungia kabureta kwanza na kisha ya silinda, idadi ya misukumo kulingana na baridi, mkono wa gesi (wa kuongeza nguvu ya injini) wazi kidogo, swichi za magneto, halafu vitufe viwili kwa pamoja, cha risasi na cha koili ya kuongeza cheche. Ikishika usiiachie haraka koili.

Isiposhika, kishawishi ni kudunga tena. Hapo ndipo moto unapozaliwa. Mafuta ya ziada yanateremka na kutuama kwenye njia ya hewa, ambayo iko chini ya pua, kwenye "kidevu" cha ndege, pamoja na rejeta. Risasi ya pili ikilipuka injini inakohoa, mwali unarudi nyuma, na dimbwi linashika. Ndiyo maana kila Typhoon iliyokuwa ikiwashwa ilikuwa na fundi amesimama kando ya pua na kizimamoto mkononi. Moto ukishika ndani ya kidevu, mara nyingi dawa ilikuwa kuendelea kuwasha: injini ikikamata inaunyonya moto ndani. Ikikataa, rubani anatoka na fundi anaingia kazini.

Majira ya baridi oili ya Sabre ilikuwa nzito kama asali. Vikosi viliziwasha injini usiku kila baada ya saa kadhaa ili asubuhi zisikatae.

Na ikishawaka usikae ukingojea kwa mzunguko mdogo. Plagi zinajaa oili. Ndege ikisukumwa kuruka na plagi chafu, inakohoa ukiwa umefika nusu ya njia.

#11 Bawa_la_Kushoto

Hapo kwenye kuruka kuna ajali ambazo hazihesabiwi. Propela ya Sabre inazunguka kinyume na ya Merlin, injini ya Spitfire na Hurricane. Spitfire na Hurricane zikikimbia huvuta kushoto. Typhoon inavuta kulia, na kwa nguvu farasi zaidi ya elfu mbili haikuombi ruhusa. Rubani aliyekulia kwenye Spitfire mguu wake umezoea kukanyaga kulia. Akifanya hivyo kwa mazoea anaisaidia ndege kutoka njiani. Trimu ya usukani iwekwe kushoto kabisa kabla ya kuanza, mkono wa gesi ufunguliwe polepole, na mguu wa kushoto uwe tayari.

Jingine: usiishushe baharini. Kidevu kile kikigusa maji kinachota kama beleshi, ndege inapiga mbizi palepale. Ushauri ulikuwa kupanda kadiri mwendo uliobaki unavyoruhusu na kuruka na mwavuli, hata kama kimo ni kidogo. Kwa ndege iliyokuwa ikivuka Mfereji wa Kiingereza chini chini kila siku na injini ya namna hiyo, lilikuwa jambo zito.

#12 Dondandugu

Tusisahau waliouawa na wenzao. Kwa mbali Typhoon na Focke-Wulf 190 ya Wajerumani zinafanana: pua nene, mabawa mafupi. Tarehe 1 Juni 1942 Spitfire za Wakanada ziliangusha Typhoon mbili za Skwadroni ya 56. Desemba 1942 ikaja amri ya mistari myeusi na myeupe chini ya mabawa.

Angalizo kwa wanaopaka rangi modeli: hiyo *si* mistari ya uvamizi wa Normandy. Ile ya Juni 1944 ni mitano yenye upana sawa, mitatu myeupe na miwili myeusi, nayo inazunguka mabawa na bodi ya nyuma pia. Ya Typhoon ya 1942 iko chini ya mabawa tu, na myeupe ni mipana kuliko myeusi.

#13 Bahari_Kaskazini

Na kuna upande wa pili, wao kuwapiga wenzao. Tarehe 27 Agosti 1944 meli za kutegua mabomu za Jeshi la Maji la Uingereza zilikuwa zikifanya kazi jirani na Cap d'Antifer, karibu na Le Havre. Mpango wao ulikuwa umebadilishwa, na ujumbe wa mabadiliko haukufika kwenye ofisi iliyopaswa kuujua. Zikaonekana kama za adui. Wakatumwa Typhoon 16 za Skwadroni ya 263 na ya 266, hii ya pili ikiwa ile ya Rhodesia.

Kiongozi alipoziona alisema kwenye redio kwamba zinaonekana kuwa za kwetu. Akauliza tena. Akaambiwa apige. HMS Britomart na HMS Hussar zilizama, HMS Salamander ikaharibika kiasi cha kutotengenezeka tena. Roketi nane za ratili 60 kwa kila ndege pamoja na mizinga minne, dhidi ya meli ndogo zinazokwenda polepole kwa mstari ulionyooka.

Hapo ndege haikuwa na kosa lolote, wala rubani.

Ya 3 Mei 1945 kwenye ghuba ya Lübeck ni nzito zaidi: Typhoon zilizipiga Cap Arcona na Thielbek, na ndani walikuwamo wafungwa wa kambi ya mateso ya Wanazi ya Neuengamme. Walikufa maelfu. Marubani hawakuwa wameambiwa.

#14 Nukta7

Pole zao. Swali la roketi: ni kweli ziliua vifaru vingi kama inavyosemwa?

#15 Kipanga_Mweusi

Hapana, si kwa idadi ile. Baada ya mapigano ya Mortain huko Normandy, 7 Agosti 1944, watafiti wa jeshi walikwenda kuhesabu vifaru uwanjani, na vilivyouawa na roketi vilikuwa vichache mno ukilinganisha na vilivyodaiwa. Roketi ya Typhoon haina uongozi, inashuka njiani na upepo unaipeleka. Ilichofanya ni kuchoma malori ya mafuta na kuwafanya wafanyakazi wa vifaru watoke na kuvitelekeza. Kwa askari wa miguu tofauti hiyo haikuwa na maana kubwa.

#16 Fundi_Ribiti

Kuhusu Normandy, kuna ajali ya kimyakimya: vumbi. Viwanja vya mwanzo vilichongwa mashambani tu, na vumbi la pale lilikuwa gumu kama unga wa msasa. Kidevu cha Typhoon kiko chini, propela inavurumisha, injini inameza. Mnajua tayari slivu inataka nini. Mpe msasa uone. Katikati ya Juni 1944 Sabre zikaanza kuisha kwa kasi, machujio yakatengenezwa na kufungwa kwa haraka mbele ya njia ya hewa.

La kwanza lilikuwa kama kofia ya bati, nalo lilikuwa na kasoro ambayo Mzee Kabureta ataipenda: injini ikikohoa wakati wa kuwashwa, kofia inarushwa nje. Wakabadilisha, wakaweka vilango vyenye bawaba. Mlipuko ukirudi vinafunguka na kujifunga. Na somo la vumbi walikuwa nalo tangu 1943, Typhoon tatu zilipopelekwa Misri kwa majaribio zikiwa na machujio.

#17 Mzee_Kabureta

Hahaha, kofia ile nimeisoma. Fundi anazima moto huku mwenzake anakimbiza chujio.

#18 Nukta7

La mwisho, wakuu. Ipo iliyobaki nzima nikakitazame hicho kiungo?

#19 Kipanga_Mweusi

Nzima ni moja, MN235, ya Jumba la Makumbusho la RAF, Jeshi la Anga la Uingereza. Imepona kwa sababu 1944 ilipelekwa Marekani kupimwa na haikurudi vitani. Waingereza waliipata tena 1968 kwa kubadilishana na Hurricane. Nyingine zote zilikatwa vyuma mara tu baada ya vita. RB396 inajengwa upya kutoka kwenye mabaki ya bodi ya nyuma.

Ukisimama mbele ya MN235, usitazame mizinga kwanza. Nenda nyuma, mbele kidogo ya bawa la wima utaiona pete ya viraka.

#20 Fundi_Ribiti

Halafu shika eleveta kwa macho, ufuate bawaba yake kuingia ndani ya bodi. Uzito wa mizani hauonekani kwa nje.